Rimu Mpya, Bima ya Zamani: Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi nilizopokea safari hii zinahusu magurudumu: mtu kabadilisha rimu, au kanunua gari lililobadilishwa, sasa mkaguzi au kampuni ya bima inamuuliza maswali. Kwa mnaousoma ukurasa huu kwa mara ya kwanza, mimi nilianzia kwenye karakana ya tairi, kwenye kufunga na kubalansi, kisha nikahamia upande wa bima kama mtathmini wa magari yaliyopata ajali. Nimeyaona magurudumu yakifungwa kwa furaha, na nimeyaona baadaye yakiwa yamelala kwenye yadi ya magari mabovu.

SWALI: Shikamoo mama. Gari langu linatumia tairi 205/55R16 91V kwenye rimu za 6.5J ET45. Rafiki yangu ananiuzia rimu za inchi 19, 8J ET35, tundu la kati 73.1, zikiwa na tairi zake 225/35R19 88Y ambazo bado zina kashata (mifereji ya mpira unaokanyaga barabara) ya kutosha. Matundu ya nati yanalingana kabisa, 5x114.3, yaani matundu matano kwenye duara la milimita 114.3. Anasema zinaingia bila shida. Nizichukue?

Marahaba mwanangu. Usizichukue, na nitakueleza kwa nini kwa namba zako mwenyewe, kwa sababu umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umeziandika zote.

Tuanze na urefu wa gurudumu zima. Tairi yako ya sasa ina upana wa milimita 205, na ubavu wake ni asilimia 55 ya upana huo, yaani milimita 112.75. Zidisha mara mbili, ongeza rimu ya inchi 16 ambayo ni milimita 406.4, unapata kipenyo cha milimita 631.9. Fanya hivyo hivyo kwa 225/35R19: utapata 640.1. Tofauti ni asilimia 1.3 tu. Kwa hiyo hapo rafiki yako hajakudanganya, na spidomita yako isingeyumba sana.

Sasa angalia ile namba ndogo inayofuata. 91 ni kipimo cha uzito ambao tairi moja inaweza kubeba: kilo 615. Namba 88 ni kilo 560. Umepoteza kilo 55 kwa kila tairi, kilo 110 kwa kila ekseli. Ukiwa peke yako garini huenda usione kitu. Ukijaza watu watano na mizigo nyuma, tairi inafanya kazi ambayo haikutengenezewa, inapata joto, na joto ndilo linaloua tairi. Herufi Y inayosema tairi inavumilia mwendo wa kilomita 300 kwa saa haikusaidii chochote hapa. Mwendo na uzito ni vipimo viwili tofauti, na hakuna kinachofidia kingine.

Halafu ET, ambayo ndiyo watu hawaiulizi kabisa. ET ni umbali, kwa milimita, kati ya katikati ya upana wa rimu na uso unaogusa habu, kile kitovu cha gari ambapo gurudumu hufungwa. Rimu ya 6.5J, yaani yenye upana wa inchi 6.5, nusu yake ni milimita 82.55, ukitoa 45, ukingo wa nje unakaa milimita 37.55 kutoka kwenye uso wa habu. Rimu ya 8J nusu yake ni 101.6, ukitoa 35, unapata 66.6. Maana yake rimu za rafiki yako zitachomoza nje milimita 29 zaidi ya zako, na kwa ndani zitasogelea shokapu kwa milimita 9. Karibu sentimita tatu za kuchomoza nje, kushoto na kulia! Gurudumu litapita nje ya bodi, litarusha mawe na tope kwa wenzako barabarani, na beringi zitabebeshwa mzigo kwa mkono mrefu kuliko zilivyosanifiwa. Usukani nao utaanza kuvuta kwenye mashimo, maana umebadilisha mahali tairi inapokanyaga ukilinganisha na mhimili wa kukata kona.

Nikiwa mtathmini nilikuwa nikiingiza mkono juu ya tairi, ndani kabisa ya fenda, kabla hata sijatazama palipogongwa. Tairi inayogusa huacha unga mweusi laini kwenye plastiki ya ndani, na kwenye bega la tairi yenyewe unaona mstari unaong'aa kama uliopigwa msasa. Mstari huo ukiachwa, mpira unaisha, nyuzi zinatokeza, na siku gari likibonyea kwenye tuta likiwa na mzigo, ubavu unapasuka. Dereva atasema tairi ilipasuka ghafla. Haikuwa ghafla.

Ukitaka gari lako lipendeze, na hilo si kosa hata kidogo, tafuta rimu ya inchi 17, upana 7J au 7.5J, ET iwe karibu na 45, na tairi 225/45R17 yenye namba 91 au 94. Kipenyo chake ni milimita 634.3, tofauti isiyofika hata nusu ya asilimia moja, na bado unabaki na ubavu wa sentimita kumi wa kumeza mashimo. Hizo za inchi 19 zingekuachia chini ya sentimita nane.

SWALI: Dada, mume wangu alibadilisha rimu za gari letu mwaka jana, kutoka inchi 16 kwenda 18. Tuna bima kubwa. Mwezi uliopita gari liliteleza kwenye mvua likagonga ukingo wa daraja, mbele kumeharibika vibaya. Mtathmini alipiga picha za magurudumu, na sasa kampuni imetuandikia kwamba kuna "badiliko muhimu lisilotajwa" na huenda fidia ikapunguzwa. Rimu zina uhusiano gani na boneti? Na hizo rimu zenyewe tutalipwa?

Pole sana dada yangu, na namshukuru Mungu kama wote mmetoka salama. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu barua kama yako ni nyingi mno.

Kampuni ya bima ilipokubali kubeba hatari yenu, iliipima hatari hiyo kwa gari la aina fulani, lenye vifaa fulani. Rimu kubwa hubadilisha mambo mawili machoni pao: gari linavyoshika barabara na linavyosimama, na mvuto wake kwa wezi. Ndiyo maana fomu nyingi za bima huuliza wazi kama gari limefanyiwa mabadiliko yoyote, na rimu huhesabiwa humo. Tena mikataba mingi hutaka mtoe taarifa hata kama badiliko limefanyika katikati ya mwaka wa bima.

Adhabu ya kunyamaza hutofautiana kwa sheria ya nchi. Msingi wa zamani, ulioandikwa kwenye sheria ya bima ya baharini ya Uingereza ya mwaka 1906 na kuigwa na nchi nyingi, ulimtaka mkata bima aseme kila jambo muhimu hata asipoulizwa; akificha, kampuni ingeweza kuufuta mkataba wote. Uingereza yenyewe ililegeza hilo kwa wateja wa kawaida kwa sheria ya mwaka 2012: mteja anatakiwa kuwa mwangalifu anapojibu maswali ya bima, na akikosea kwa uzembe tu, si kwa makusudi, fidia hupunguzwa kwa uwiano. Kama mlilipa asilimia 80 ya ada ambayo mngetozwa laiti wangejua, mnalipwa asilimia 80 ya hasara. Lakini kama wangejua wasingekubali kabisa kuwakatia bima, wanaweza kukataa dai lote na kuwarudishia ada. Ufaransa nayo ina utaratibu unaofanana: aliyekosea kwa nia njema hupunguziwa fidia kwa uwiano, na aliyedanganya makusudi mkataba wake hubatilishwa.

Kwa hiyo msikubali barua yenye neno "huenda". Waandikieni, si kwa simu, muulize mambo matatu. Ni swali gani hasa kwenye fomu mlilojibu visivyo, au ni kifungu gani cha mkataba kinachowataka kutoa taarifa? Wangewatoza ada kiasi gani kama wangejua kuhusu rimu za inchi 18, na waonyeshe kwa maandishi? Na mtathmini amesema nini kuhusu hali ya tairi: kashata ilikuwa na kina gani, ukubwa ulikuwa upi, je, ziligusa bodi? Ombeni ripoti yake na picha zake. Kama tairi zilikuwa za kipimo sahihi, zenye namba ya uzito inayotosha na kashata nzuri, hoja ya kwamba rimu ndizo zilizoliangusha gari inakosa miguu, na mahali ambapo sheria inaangalia chanzo cha ajali hilo lina uzito mkubwa. Kama tairi zilikuwa vipara, nakuambia kwa uchungu kwamba ugomvi wenu utakuwa mgumu, na hautakuwa tena ugomvi wa rimu.

Kuhusu boneti: hasira yako naielewa, lakini kampuni haisemi rimu zimevunja boneti. Inasema haikupewa nafasi ya kupima hatari iliyoibeba. Ni hoja halali. Kisicho halali ni kuitumia kukata fidia kwa kiasi walichojiamulia bila hesabu.

Rimu zenyewe, kama hazikutajwa, uwezekano mkubwa mtalipwa bei ya rimu za kiwandani za inchi 16, au msilipwe kitu. Hata aliyetoa taarifa asome hati yake vizuri, maana mikataba mingine hulipia vifaa vya kiwandani tu, hadi vifaa vya ziada viorodheshwe na thamani yake.

Kama katika ajali hiyo mngekuwa mmemuumiza mtu, katika nchi nyingi kampuni ingewajibika kumlipa aliyeumia, kisha ina haki ya kuwageukia nyinyi na kudai fedha zake. Watu hudhani bima ya mtu wa tatu haigusiki na mambo haya. Inagusika, na deni lake linaweza kuwafuata maisha yenu yote.

Kwa wasomaji wengine ambao bado hawajapata ajali, barua ya kutoa taarifa haizidi mistari michache. Andikeni hivi: "Nimebadilisha rimu za gari namba hii kutoka inchi 16 kwenda inchi 17, upana 7.5J, ET45. Tairi ni 225/45R17 94W. Thamani ya rimu na tairi ni hii, risiti na picha nimeambatanisha. Naomba mnithibitishie kwa maandishi kama bima yangu inaendelea kama ilivyo, kama ada inaongezeka, na kama rimu hizi zinalipiwa zikiibwa au kuharibika." Jibu likija, litunze pamoja na hati ya bima. Usiridhike na ajenti anayekuambia "hakuna neno" kwa mdomo.

SWALI: Nimefunga 225/45R18 badala ya 205/55R16. Simu yangu inaonyesha mwendo mkubwa kuliko spidomita. Ipi inasema kweli?

Simu, ukiwa kwenye barabara iliyonyooka na mwendo usiobadilika. Tairi yako mpya ina kipenyo cha milimita 659.7, kubwa kwa asilimia 4.4. Spidomita iliyokuwa sahihi kabisa, ikionyesha 100 sasa gari linakwenda 104.4. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39, inayofuatwa na nchi nyingi, inakataza kabisa spidomita kuonyesha mwendo mdogo kuliko ule halisi. Kuzidisha inaruhusu, hadi asilimia 10 ya mwendo halisi na kilomita 4 juu yake. Kwa hiyo magari mengi hutoka kiwandani yakizidisha kidogo, na akiba hiyo ndiyo wewe umeimaliza. Kamera ya barabarani haitasikiliza habari za tairi.

Kumbuka pia kwamba kihesabu kilomita kinapunja: gari likitembea kilomita 1,044 kinaandika 1,000, na oili unaibadilisha ukiwa umechelewa. Kipimo ulichopaswa kununua ni 225/40R18. Ubavu mfupi kidogo, kipenyo milimita 637.2, na tatizo limekwisha. Namba ya uzito iwe 92, usichukue 88.

SWALI: Mama, habari za kazi. Nimekataliwa kwenye ukaguzi wa gari. Mkaguzi anasema tairi za nyuma zimetoka nje ya bodi na rimu hazina alama. Nimefunga spesa, zile pete nene za kusogeza gurudumu nje, za milimita 25 tu! Rimu ni mpya, hazina hata mkwaruzo. Si uonevu huu?

Nzuri, kaka. Hapana, si uonevu, ingawa najua inavyouma kurudishwa na gari linalong'aa.

Alama anayoitafuta mkaguzi ndiyo inayosema kwamba mtu fulani aliipima rimu ile, akaizungusha chini ya mzigo na kuigonga pembeni kabla haijauzwa. Rimu za soko la Japani huwa na herufi JWL. Za Ulaya zilizoidhinishwa chini ya kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 124 huwa na herufi E na namba ndani ya duara. Geuza rimu utazame nyuma ya spoku: lazima ukute upana, ET, na mara nyingi uzito wa juu unaobebwa na rimu moja, kwa kilo. Rimu isiyo na chochote nyuma, hata ing'ae vipi, hakuna anayeweza kukuambia itavumilia nini. Nimeshika mikononi vipande vya rimu ya namna hiyo iliyokatika kwenye spoku; ndani ilikuwa na vitundu vitundu kama mkate.

Ujerumani hawacheki kabisa na jambo hili. Rimu huja na cheti kinachotaja magari na tairi zinazoruhusiwa nayo. Baadhi ya vyeti dereva hutembea navyo garini, vingine humlazimu apeleke gari kwa mtaalamu wa ukaguzi na badiliko liandikwe kwenye kadi ya gari. Badiliko linaloweza kuhatarisha watumiaji wengine wa barabara linafuta kibali cha gari kutembea. Si lazima sheria ya kwako iwe kali hivyo, lakini swali la kuuliza ofisi ya ukaguzi kabla ya kununua ni lile lile: mnaruhusu ukubwa gani kwa gari langu, na mnataka karatasi gani?

Spesa ya milimita 25 ni sawa na kuipunguza ET yako kwa 25. Kuna spesa nzuri, zinazokaa sawasawa kwenye habu na zenye bolti zake. Zile za kupachika tu juu ya bolti za zamani hupunguza nyuzi zinazoshikwa na nati. Hesabu mizunguko ya nati tangu inaposhika hadi inapokaza. Ikizunguka mara chache kuliko ilivyokuwa bila spesa, toa spesa hizo leo hii.

SWALI: Gari linatetemeka usukani kuanzia kilomita 90. Nimebalansi mara kadhaa, rimu mpya.

Uwezekano mkubwa ni tundu la kati la rimu, lile linalokaa juu ya habu. Rimu nyingi za kununua huja na tundu kubwa, mara nyingi 73.1, ili ziingie magari mengi, na habu yako huenda ni 60.1 au 64.1. Bila pete ya kati ya kujaza nafasi hiyo, rimu inaning'inia kwenye nati na haikai katikati. Mashine ya kubalansi haitaliona hilo kwa sababu inaishika rimu kwa koni yake yenyewe. Nunua pete za kipimo chako, futa kutu kwenye habu kwa brashi ya waya, funga gari likiwa juu ya jeki, kaza kwa mtindo wa nyota, kisha malizia kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Baada ya kilomita 50 hadi 100 kaza tena. Na hakikisha kichwa cha nati kinafanana na kikalio cha rimu: koni kwa koni, mviringo kwa mviringo.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimenunua gari lililotumika, magurudumu yanaonekana makubwa lakini muuzaji anasema ndivyo lilivyotoka kiwandani. Nitajuaje? Na kama yalibadilishwa na mtu mwingine, bima inanihusu mimi?

Shikamoo mwalimu. Fungua mlango wa dereva, tazama nguzo ya mlango au ukingo wa mlango wenyewe. Kwenye magari mengine kibandiko kiko ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Kimeandikwa vipimo vya tairi vilivyoidhinishwa na mtengenezaji na upepo wake. Kama tairi iliyopo haimo kwenye kibandiko wala kwenye kitabu cha gari, hesabu kwamba imebadilishwa. Tazama pia tairi ya akiba, kama ni ya ukubwa kamili: ikiwa ina kipenyo tofauti sana na zilizofungwa, umepata jibu.

Ukiwa hapo chini, soma tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT kwenye ubavu. 2319 ni tairi iliyotengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata isiwe chini ya milimita 1.6, ambacho ndicho kiwango cha kisheria Uingereza na kwingineko Ulaya. Kwenye mvua mimi ningezibadilisha zikifika milimita 3.

Bima inakuhusu wewe, mwalimu. Kampuni inakuuliza kuhusu gari lilivyo leo, haiulizi nani alishika spana. Andika kwamba ulilinunua likiwa na rimu hizi, taja vipimo, ambatanisha picha ya kibandiko na picha ya ubavu wa tairi. Kama hukuijua tofauti wakati unajaza fomu, watumie masahihisho wiki hii. Usingoje siku ya kukata bima upya, maana ajali inayotokea kabla ya siku hiyo itasomwa kwa fomu ile ile uliyokwisha kuijaza.